Jinsi ya kusahihisha insha ili mwanafunzi ajue kuandika: mwongozo kamili kwa walimu wa Kiswahili

Walimu wenzangu, kuna kitu nilifanya miaka mingi nikidhani ndo kazi yenyewe. Nilikuwa nachukua fulskepu 52 za kidato cha tatu siku ya Ijumaa, nabeba nyumbani, wikendi yote nasahihisha, kila kosa nalipigia mstari, kila neno lililokosewa naandika lililo sawa juu yake, mwisho naweka 09/20 na "jitahidi zaidi", Jumatatu narudisha. Mwanafunzi anaangalia alama, anachungulia ya jirani, anakunja karatasi anaiingiza katikati ya kitabu na ikifika hapo haifunguliwi tena. Mwezi unaofuata ananiletea insha nyingine yenye "kitabu yangu" ile ile na "mtu ambaye aliyekuja" ile ile. Nikawa nawalaumu watoto kwamba hawasomi nilichoandika.

Lakini hebu fikiria, hata angesoma, afanye nini nayo? Insha imeisha, alama imeshaingia kwa kitabu cha alama, wiki ijayo tunaingia ngeli au fasihi simulizi. Maoni yangu yalikuwa yanafika wakati hakuna kazi tena ya kufanya nayo. Siku nilipoanza kusoma insha kabla haijaisha, na kumrudishia mwenyewe aiandike tena mbele yangu, ndo nilianza kuona mabadiliko. Mengine yote nitakayosema hapa yanazunguka hilo tu: mrejesho unafaa pale mwanafunzi bado anaweza kubadilisha kitu, na unampa nafasi ya kukibadilisha.

Naongea hasa kuhusu sekondari huku kwetu Kenya, ile karatasi ya kwanza ya Kiswahili kwenye KCSE (mtihani wa mwisho wa kidato cha nne), insha mbili, alama 40, saa moja na dakika 45. Lakini mwalimu wa shule ya msingi au wa Tanzania anaweza kuchukua hatua hizi hizi akazipunguza au kuzirefusha.

Kwanza fanya hesabu ya muda wako

Wengi wakisikia "rasimu mbili" wanasema mimi na darasa langu kubwa hivo siwezi. Piga hesabu na mimi. Wanafunzi 52, dakika 12 kwa kila insha ukisahihisha kila kitu, hiyo ni dakika 624, yaani saa 10 na dakika 24. Sasa ukisoma rasimu ya kwanza kwa dakika 4 (nitaeleza vile inawezekana) hiyo ni saa 3 na dakika 28. Rasimu ya pili ukiisoma kwa dakika 3, kwa sababu unajua tayari unatafuta nini, ni saa 2 na dakika 36. Jumla saa 6 na dakika 4. Umesoma kila insha mara mbili na bado umebaki na saa nne zako. Muda unaoongezeka ni wa darasani, vipindi viwili vitatu hivi vya dakika 40, na hapo ndo utalazimika kukubali kuwapa insha chache kwa muhula. Mimi niliacha insha sita nikabaki na tatu. Mkuu wa idara aliniuliza maswali, nikamwonyesha rasimu za kwanza na za pili zikiwa pamoja, akaniacha niendelee.

Kabla hawajaandika: waonyeshe insha nzuri inafanana aje

Usianze na orodha ya vigezo ubaoni. Mwanafunzi akiona "mtiririko, ubunifu, msamiati, hoja" ananakili tu na hajui umesema nini. Weka aya mbili ubaoni, uliza ipi ingekufanya uendelee kusoma na kwa nini. Tuseme swali ni la methali, *Mchelea mwana kulia hulia yeye*. Mimi huandika hivi:

Ya kwanza: "Majogoo walikuwa wamewika na miale ya jua la asubuhi ikachomoza mashariki. Nilirauka, nikakoga, nikastaftahi kisha nikatia guu mosi guu pili kuelekea shuleni."

Ya pili: "Mwalimu alipomwita mama kumweleza kuwa Juma ameiba tena, mama alimkumbatia Juma akasema mwanangu haibi. Juma alikuwa bado na ile kalamu mfukoni."

Mara ya kwanza darasa zima huchagua ya kwanza, ati ina msamiati. Usiwakemee. Waulize, hii aya ya kwanza inaweza kuanza insha gani? Watakuambia yoyote ile, ya ajali, ya sherehe, ya safari. Na ya pili? Hiyo ni ya methali hii tu. Hapo wenyewe wanaona. Baada ya hapo andikeni pamoja maswali matatu au manne kwa lugha yao, mfano "je, pande zote mbili za methali zimeonekana?", "je, msomaji anaona mtu akifanya kitu au anaambiwa tu?", na hayo ndo yatakuwa vigezo vyenu mpaka mwisho. Mwanafunzi, mwenzake, na wewe mnatumia maswali hayo hayo. Usije ukamtathmini kwa kitu ambacho hamkukubaliana.

Ukitumia insha ya mwanafunzi kama mfano, iwe nzuri au mbaya, ichape upya au iandike kwa mwandiko wako na utoe jina, tena iwe ya mwaka uliopita. Kusomea darasa insha mbaya ya mtoto aliyeketi pale pale kunamfunga mdomo na kalamu kwa muda mrefu sana, nimeona wakiacha kabisa kuandika sentensi ndefu kwa kuogopa.

Rasimu ya kwanza

Waandike darasani au wakati wa prepu (masomo ya kujisomea nje ya vipindi), mstari mmoja waandike mwingine waache, na pambizo pana upande wa kushoto. Ile nafasi ndo ya kurekebisha, bila hiyo mtoto hawezi kubadilisha kitu akaona karatasi bado safi, na wanafunzi wetu wanapenda karatasi safi kuliko insha nzuri.

Chini kabisa aandike ombi lake kwako au kwa mwenzake, sentensi moja. "Mwalimu, niangalizie kama mwisho umeingiana na methali." "Sijui kama mazungumzo nimeyaandika vizuri." Hii ni kitu kidogo lakini inabadilisha kila kitu, manake sasa unajibu swali la mtu, na mtu akiuliza swali anasubiri jibu. Wale wa kwanza kwanza wataandika "angalia makosa". Rudisha, mwambie nataka kujua wewe mwenyewe ulikwama wapi.

Ajisomee kwa sauti

Dakika kumi, kila mtu anasoma yake kwa sauti ya chini, darasa litakuwa na kelele kama soko na hiyo ni sawa. Biro mkononi. Akijikwaa aweke alama, asirekebishe bado. Masikio yanashika vitu ambavyo macho yameshazoea, neno lililoachwa, sentensi ambayo pumzi inaisha kabla ya nukta, "na" tano kwa mstari mmoja. Robo ya makosa niliyokuwa natafuta mimi na biro nyekundu wanayapata wenyewe hapa, hiyo robo ni kadirio langu la kutazama tu lakini jaribu na darasa lako uone.

Kusahihishana wenyewe kwa wenyewe

Hapa ndo walimu wengi hujaribu mara moja wakaacha, na ninaelewa kwa nini. Ukiwaambia tu "badilishaneni karatasi msahihishe" utapata vitu viwili, rafiki ataandika "insha yako ni nzuri sana", na asiye rafiki atapiga mistari kila mahali hata kwa maneno yaliyo sahihi. Nilikuwa na msichana ambaye mwenzake alimfutia "ilhali" akaandika "lakini" kwa sababu hakuwa amewahi kuliona hilo neno.

Kwa hivo kataza sarufi kabisa. Msomaji hana ruhusa ya kugusa ngeli wala tahajia. Kazi yake ni kuwa msomaji tu na kusema ukweli wa kilichomtokea akisoma. Mimi huwapa mianzo mitatu ya kumalizia, naiandika ubaoni inakaa muhula mzima:

"Hapa niliona kabisa…"
"Hapa nilipotea kwa sababu…"
"Nilitaka kujua zaidi kuhusu…"

Kila mwanzo lazima uonyeshe mstari wa insha, yaani aandike "mstari wa 14". Bila mstari haihesabiki. Mwandishi naye wakati anasomewa maoni anyamaze, asijitetee, aandike tu. Kujitetea kunakula muda wote na wanagombana.

Kuhusu nani akae na nani, usimweke namba moja na wa mwisho, yule wa mwisho ataona aibu na yule wa kwanza ataandika insha ya mwenzake. Weka wanaokaribiana. Na mara ya kwanza fanyeni wote pamoja na insha moja ubaoni, ile isiyo na jina, ukiwaonyesha maoni mazuri yanasikika aje. Mwalimu akiruka hii ya kufundisha kutoa maoni, mengine yatakayofuata ni kupoteza kipindi.

Faida ambayo sikuitarajia: anayetoa maoni ndo anajifunza zaidi. Akishaandika "hapa nilipotea" kwa insha ya mwenzake mara tatu nne, anaanza kuona penye anapoteza watu yeye mwenyewe.

Sasa wewe mwalimu

Rasimu zimefika mezani. Weka biro chini. Namaanisha iweke kabisa, hata kwa droo, usome insha nzima kwanza. Ukiwa na biro mkononi kosa la mstari wa pili litakuita na hutasikia tena kisa kinasema nini.

Ukimaliza, chagua vitu viwili tu. Kimoja cha maudhui au mpangilio, kimoja cha lugha, lakini kiwe kosa linalojirudia, sio la bahati mbaya. Najua mkono unawasha kuona "nyumba mzuri" ukaacha ipite, hata mimi bado unaniwasha. Lakini mtoto mwenye makosa 40 ukimwonyesha yote 40 haoni hata moja, anaona wekundu. Hata wasahihishaji wa KNEC (baraza la mitihani la Kenya) hupigia mstari kosa pale linapotokea mara ya kwanza tu, miwili chini ya kosa la sarufi, mmoja chini ya tahajia. Tumia alama hizo hizo, ili akifika mtihani awe amezizoea, na usimwandikie jibu. Weka alama, yeye atafute. Watafiti wa kufundisha lugha wamebishana sana juu ya hili, John Truscott mwaka 1996 alifika mpaka kusema masahihisho ya sarufi kwenye insha za wanaojifunza lugha ya pili yaachwe kabisa, wengine wakampinga. Mimi siachi, ila nachagua.

Makosa ambayo kwa wanafunzi wangu yanastahili kuchaguliwa kwanza, kwa sababu yanarudi kila aya: upatanisho wa ngeli (vitu mingi, gari mbaya, kitabu yangu), urejeshi mara mbili (ambaye aliyekuja), kutenganisha na kuunganisha maneno (nilipo fika, kwasababu), na matamshi ya nyumbani yanayoingia kwa maandishi, r na l, dh na th na z. Moja kwa mtoto kwa insha moja. Ikiisha unaenda nyingine.

Kuhusu maudhui, maoni yanayosaidia yanaelekeza mahali na yanabeba kazi. Linganisha.

"Fafanua zaidi." Wapi? Nini?
"Mama yuko aya ya kwanza halafu haonekani tena mpaka mwisho. Kwenye methali anayelia ni nani? Rudi aya ya nne na ya tano umrudishe."

"Insha haina mtiririko."
"Kutoka aya ya pili kwenda ya tatu Juma ana miaka 8 halafu ghafla yuko korokoroni. Niambie kitu kimoja kilichotokea katikati."

"Kazi nzuri!" Sifa pia ina kazi yake ikiwa inaonyesha kitu. "Ile kalamu mfukoni imenifanya nimwogope mama kuliko mtoto, fanya hivo tena mwishoni."

Na msamiati wa kukariri. Hili nataka tulikalie kidogo kwa sababu sisi walimu ndo tumelileta. Tumewapa vijitabu vya tamathali na semi tangu shule ya msingi, na mtoto anajua akitia "guu mosi guu pili" atapata tiki. Mara nyingi ukimwambia aondoe anaogopa kweli kweli, ni kama unamnyang'anya nguo. Usimwambie ni mbaya. Muulize "asubuhi hiyo huko kwenu kulikuwaje?" Kijana mmoja kwa rasimu ya kwanza alikuwa na miale ya jua mashariki, nikamuuliza hilo swali pembezoni, rasimu ya pili akaandika kwamba aliamka kwa harufu ya mafuta ya taa kwa sababu mama alikuwa anajaza stovu gizani. Sentensi hiyo haikuwa na neno gumu hata moja na darasa lilinyamaza aliposoma. Semi abaki nazo, moja pale inapokaa, na aseme mwenyewe kwa nini inakaa pale.

Kama kuna mtoto ambaye maandishi hayamtoshi, ongea naye. Wakati wengine wanaandika upya zunguka, kaa kando yake dakika mbili, muulize "hapa ulitaka kusema nini?" Atakuambia kwa mdomo vizuri kabisa. Mwambie "andika hivo hivo ulivyosema." Dakika hizo mbili zinashinda ukurasa wa wino.

Alama isije mapema

Rasimu ya kwanza isiwe na alama. Hapa utapata upinzani, wanafunzi watauliza, wazazi watauliza. Lakini kuna utafiti wa Ruth Butler kule Israel, ulichapishwa 1988, wanafunzi wengine walipewa maoni peke yake, wengine alama peke yake, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndo waliimarika, na waliopewa vyote viwili walifanana na wale wa alama tu, ni kama maoni hayakuwepo. Nikiisoma hiyo namkumbuka yule anayekunja karatasi. Akiona 09/20 swali lake limejibiwa, hana tena sababu ya kusoma pembezoni. Ukitaka, weka alama kwa kitabu chako kimya kimya, watajua baada ya rasimu ya pili.

Kuandika upya, darasani, mbele yako

Usiseme "mkaandike upya nyumbani." Haitafanyika, na ikifanyika itakuwa kunakili ile ile kwa mwandiko mzuri. Toa kipindi kizima. Kuandika upya maana yake anagusa aya, anaondoa, anahamisha, sio kupiga pasi. Mwanafunzi mwenye kazi kwa aya ya nne na ya tano anaweza kuandika upya hizo mbili tu, zingine azirekebishe kwenye ile mistari aliyoacha wazi.

Akimaliza aandike chini mistari mitatu: nilibadilisha nini, kwa nini, na ni maoni gani nimeamua kutoyafuata. Hilo la mwisho ni muhimu. Insha ni yake. Kuna mmoja aliniandikia "Mwalimu ulisema nimrudishe mama lakini nataka msomaji ajiulize ameenda wapi, nitamrudisha akiwa mahakamani." Alikuwa sawa, mimi nilikuwa nimekosea. Ukisoma rasimu ya pili anzia kwa hiyo mistari mitatu, ndo maana dakika tatu zinatosha.

Daftari la makosa

Ukurasa wa mwisho wa daftari lake, safu tatu: nilivyoandika, ilivyo sahihi, mara ngapi limerudi. Analijaza mwenyewe kila insha ikirudi. Mwisho wa muhula hatakuwa na makosa 100 mle, atakuwa na manne au matano yanayojirudia, na hayo ndo makosa yake. Wewe unaweza kupitia madaftari haraka ukaona nusu ya darasa ina "ambaye aliye", basi hiyo unaifundishia ubaoni kwa kipindi kimoja badala ya kuiandika mara 26 pembezoni.

Na mtihani je, ambako hakuna rasimu ya pili?

Hili swali huulizwa kila mara na ni la haki. Kwa mtihani mtoto yuko peke yake, hakuna mwenzake hakuna mwalimu. Ndo maana kuanzia muhula wa pili wa kidato cha nne naanza kujiondoa kidogo kidogo. Kwanza naacha kuweka alama chini ya makosa, naandika tu mwisho "aya ya tatu kuna matatu, tafuta." Halafu naacha hata hiyo. Kwa insha za kujaribu muda, naambia darasa wasimamishe kalamu dakika kumi kabla ya mwisho, wafungue akilini ule ukurasa wa makosa yao manne, wapitie insha wakitafuta hayo tu, kisha wasome aya ya mwisho na kuilinganisha na swali. Mwanzoni wanalalamika kwamba dakika kumi ni nyingi, wangeongeza aya. Aya iliyoongezwa kwa haraka mara nyingi inaharibu mwisho uliokuwa mzuri, waonyeshe kwa insha zao wenyewe, za mwezi uliopita, watakubali.

Mwisho wa mwaka usiwarudishie wakatupa. Bana rasimu ya kwanza na ya pili pamoja, stepla ikikosekana hata pini inatosha, insha moja kwa kila mwanafunzi, umkabidhi mwalimu atakayewachukua Januari. Na kabla hujampa, wape wenyewe wasome zote mbili kwa dakika kumi, bila kuwaambia watafute nini.